Kidevu cha Mama

Mama alikuwa na ndevu. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitalizunguka, kama nilivyozunguka mambo mengi. Hazikuwa nyingi. Nywele kumi na tano hivi kwenye kidevu, nyeusi na ngumu, na nyingine chache chini ya taya ambazo zilikwisha kuwa nyeupe. Nilifika miaka arobaini na moja bila kujua kwamba anazo.

Mimi sina. Niliacha shule darasa la sita nikaenda kukata mkonge kwenye shamba moja mbele ya Pongwe, na umri wa kuota ndevu ulinipitia huko. Nilipanga chumba kwa familia ya Walutheri, watu waliotoka milimani zamani kufuata kazi. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, baba wa nyumba na wanawe wakubwa walisimama kwa zamu mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa ukutani, wakanyoa. Mimi si wa kanisa, na kidevu changu hakikuwa na kitu, lakini nilisubiri zamu yangu, nikapaka povu la sabuni, nikapitisha wembe kama wao. Mtu fulani aliniambia wembe ndio unaoita ndevu. Ukinyoa mahali patupu, pataota. Nilinyoa mahali patupu miaka sita.

"Unakwangua sahani," baba wa nyumba aliniambia siku moja. "Hiyo sahani imeshaoshwa, mwanangu. Iweke kabatini."

Wanawe walicheka mpaka mmoja akajikata.

Binti zake wawili wadogo walikuwa wamenyolewa vichwa, kwa sababu shule ilitaka hivyo, na ukiwaona kwa nyuma wakiwa wamevaa kaptura za nyumbani huwezi kuwatenganisha na kaka yao. Nilimuuliza mama yao, mtu asiyewajua atajuaje yupi ni yupi.

"Kwa hereni," alisema.

"Na wakivua hereni?"

"Hawavui." Aliendelea kupepeta mchele. "Wewe ungebaki shule, maswali yako yangepata mtu wa kulipwa kuyajibu."

Sikubaki shule na sikubaki shambani. Niliendesha bodaboda. Nilikwenda Moa, kwa mama yangu mdogo, nikafunga mwani kwenye kamba pamoja na wanawake, maji magotini, na vijana waliopita ufukweni wakaniuliza kama nimeshapata mume. Siku hizi vijana haohao wana mashamba yao ya mwani. Nilitengeneza pancha, nilibeba chokaa, nilikaa mji mmoja miezi minane, mwingine wiki tatu. Kila nilipokwenda niliangalia nini cha wanaume na nini cha wanawake, na kila mahali watu walijibu kwa uhakika uleule, ila majibu hayakufanana. Nilipokuwa mchanga nilipakwa wanja machoni na kwenye paji la uso, kama watoto wote wa Makorora, mtaani kwetu, wa kike na wa kiume. Halafu siku moja mimi nikaachwa na msichana wa nyumba ya pili akaendelea kupakwa. Siikumbuki siku hiyo.

Mama alipopata kiharusi, jirani alinipigia simu. Nilikuwa Korogwe. Nilirudi Makorora kwa pikipiki yangu, nikiwa na mfuko mmoja. Baba alikwisha kufa zamani na mimi sina ndugu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupangiana naye zamu. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala: mguu, mkono, kona ya mdomo. Maneno yalitoka polepole lakini yalitoka. Jirani aliyenipigia, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, alikuja kila asubuhi kumwogesha. Mimi nilipika uji, nikafua, nikamgeuza.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kanga. Mama alijifunika kanga mpaka chini ya pua, usiku na mchana, na joto la mwezi wa pili. Aliishika kwa mkono wa kushoto hata akilala. Jirani alinilalamikia.

"Mwili wote ananipa niuoshe," alisema, "uso ananinyima. 'Uso nitaosha mwenyewe.' Mimi nimemkosea nini mama yako?"

"Hujamkosea."

"Basi mwambie sili watu."

Wageni walipokuja kumjulia hali, alisema nimwambie kila mmoja kwamba amelala. Watu wa Makorora hawapendi kuambiwa mgonjwa amelala mara tatu. Walianza kusema ana kiburi, wengine wakasema mimi ndiye ninayewafungia mlango kwa sababu sina malezi. Nilikuwa nikifanya kila kitu kama mtu anayefuata orodha.

Siku ya tisa au ya kumi nilikuwa nikimlisha uji. Lazima ashushe kanga ili ale, na alikuwa akiishusha mpaka mdomoni tu, uji ukimwagika kwenye kitambaa. Nilichoka kufua. Nikaivuta. Alijaribu kuirudisha, mkono wa kushoto haukuwahi, na nikaona.

Sikuhisi kitu. Niliangalia tu, kama ninavyoangalia injini iliyofunguliwa. Kisha nikaelewa jambo la miaka mingi nyuma. Nilipokuwa mdogo, kabla ya alfajiri, nilimwona mama mara kwa mara amechuchumaa nyuma ya jiko na kikopo cha maziwa ya unga chenye jivu la kifuu cha nazi. Alichovya vidole ndani, akapeleka usoni. Nilidhani anasugua meno. Watu wengi walisugua meno kwa jivu au mkaa, na mama alikuwa na meno meupe, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuuliza. Lile ni swali pekee nililopata kuliacha.

"Jivu," nilisema.

Alifumba macho.

"Baba alijua?"

"Hakujua." Ilimchukua muda kulisema. "Nilimtangulia kuamka. Kila siku."

Walikaa pamoja miaka thelathini.

Nikamuuliza, kwa sababu mimi siwezi kunyamaza hata pale panapostahili: "Kama Mungu ndiye aliyeziotesha, mbona unaziondoa?"

"Na kucha kaziotesha nani?" alisema mama. Upande mmoja wa mdomo wake ulisogea. "Nitolee."

Akanifundisha. Jivu liwe kavu, liwe la kifuu, lisiwe la kuni, maana la kuni lina chembe. Unachovya kidole gumba na cha shahada. Jivu linafanya unywele usiteleze. Unaushika chini kabisa, penye ngozi, unauvuta kuelekea unakolala, mara moja, bila huruma. Wanawake wengi wa pwani hutumia jivu hivyo kwa nywele za mwilini, hilo nililijua kwa kusikia tu, kama wanaume wote wanavyolijua. Sikuwahi kufikiri kwamba vidole vyangu vitaingia humo. Vidole vyangu ni vinene, mkonge na spana vimeviharibu, na unywele niliupata mara moja kati ya mara tano. Nilimfinya. Machozi yalimtoka jicho la kushoto na hakusema acha. Tulimaliza baada ya saa nzima. Akajipapasa kidevu, akasema, "Waambie sijalala."

Wageni wakaingia. Alikaa ameegemea mto, kanga imeshuka mabegani kama ya mwanamke yeyote, akawauliza habari za watoto wao. Wakati wanaondoka jirani aliniambia, "Naona mama yako kapata nafuu." Hakuwa amepata nafuu. Alikuwa na kidevu safi.

Tuliendelea hivyo mwezi na zaidi. Kila siku ya tatu, saa moja asubuhi, mlango umefungwa, mimi na yeye na kikopo. Nilipokwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, nilimuuliza nesi, bila kumtaja mtu, kama mwanamke anaweza kuota ndevu. Alinitazama kidevu kwanza.

"Anaweza," alisema. "Ni homoni tu. Kila mwanamke anazo za kike na kidogo za kiume, na kila mwanamume anazo za kiume na kidogo za kike. Umri ukienda zile za kike zinapungua. Wengi wanaota, unasikia? Wengi. Ila huwezi kuwaona kwa sababu wanaondoa."

"Na mwanamume asiyeota?"

"Naye yupo," alisema, akaita namba iliyofuata.

Nilitembea kurudi nyumbani nikitazama videvu vya wanawake. Sijivunii hilo. Muuza maandazi, mwalimu mmoja, wasichana wawili wa dukani. Vyote safi. Sikuweza kujua kipi kimezaliwa safi na kipi kimesafishwa alfajiri.

Kosa nililifanya siku ya Alhamisi. Kikundi cha akina mama anachosoma nacho maulidi kilituma habari kwamba kitakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa, wote, watu ishirini. Mama alifurahi na akaogopa. Nilichelewa kurudi kutoka kwenye kibarua, nikamkuta amelala kwa dawa, kanga imeshuka, na siku nne zilikuwa zimepita tangu nimtoe ndevu. Nilijua asubuhi nina kibarua kingine. Nilijua jivu litachukua saa nzima. Kwenye mfuko wangu palikuwa na wembe, kwa sababu tabia ile ya Pongwe haijaniisha; bado napitisha wembe Jumapili. Nikafikiri hivi: wembe haukuwahi kuniotesha kitu mimi kwa miaka yote, kwa hiyo hauna ubaya. Nikapaka povu. Dakika mbili. Hata hakuamka.

Ijumaa ilikuwa nzuri. Walisoma, wakalia kidogo, wakacheka, wakamfukizia udi chumbani. Mama aling'aa.

Jumamosi jioni nilimkuta anajipapasa kidevu kwa mkono wa kushoto. Anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Umeninyoa," alisema.

"Tulikuwa na haraka, mama."

"Wembe?"

"Wembe."

Nilimgusa. Nywele zilizong'olewa kwa jivu huchelewa, na zikirudi ncha zake ni laini. Hizi zilikuwa zimekatwa, ncha zake butu, kama mabua shambani baada ya mavuno. Zilikwaruza. Kilikuwa kidevu cha mwanamume wa Jumamosi, kile ambacho mimi nilikisubiri miaka sita mbele ya kile kioo bila kukipata. Na zilikuwa fupi mno; jivu lisingezishika.

"Miaka yote sijagusa wembe," alisema. "Umenifanya mwanamume."

Nilianza kumweleza kwamba wembe hauoteshi, unakata tu, na alivyosema nesi, kwamba homoni hizi na hizi. Aligeuza uso ukutani. Kanga ikarudi puani.

Jumapili hakula. Jumatatu asubuhi alisema kwa sauti ya kawaida, "Kamwite mdogo wangu." Nikadhani anataka kuaga.

Nilipanda pikipiki nikaenda Moa. Mama mdogo nilimkuta anaanika mwani mbele ya nyumba yake. Ni mwembamba kuliko mama, anaongea haraka, na tangu nimjue amekuwa na tabia ya kuvuta ncha ya mtandio mpaka kidevuni anapozungumza na watu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kazi.

"Mama anakuita."

"Kazidiwa?"

"Hapana. Nilimnyoa kidevu kwa wembe."

Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Nadhani niliona hakuna lingine la kusema. Aliacha mwani, akanitazama.

"Mjinga mkubwa wewe," alisema. "Mjinga wa kutupwa. Umetembea nchi nzima, umejifunza nini huko?"

Akaingia ndani, akatoka na begi. Juu ya nguo palikuwa na kikopo kimefungwa kwa kitambaa. Nilidhani ni ugoro. Nikamtafutia gari, nikamwambia nitakuja na pikipiki yangu nikimaliza kuifanyia matengenezo. Pikipiki haikuwa na tatizo. Nilibaki Moa siku tano nikibeba abiria na kulala kwenye chumba chake. Nilijiambia mama ana mtu wake sasa. Sikuwa na huzuni na sikuwa na hatia, au kama zilikuwepo zilikuwa chumba kingine na mlango umefungwa. Niliendesha tu.

Jumamosi saa nne asubuhi mama mdogo alinipigia. "Njoo," alisema. "Usikimbize pikipiki. Keshaondoka."

Nilipofika Makorora wanaume walikuwa wamekaa barazani na kwenye mikeka uani, na upande wa pili wa pazia wanawake walikuwa wanamwosha. Sisi wanaume hatuingii huko. Hata mtoto wake wa pekee, aliyempaka jivu na kumfuta udenda, anakaa nje ya pazia. Nilisikia maji yakimwagwa, yakatulia, yakamwagwa tena. Nilisikia sauti kubwa ya jirani imekuwa ndogo. Niliwaza jambo moja tu: kuna mikono sita mle, na kuna mwanga, na kidevu kiko wazi. Kile alichokificha ili mumewe asikione kwa miaka thelathini sasa kinaoshwa mbele ya watu kwa sababu mimi nilikuwa na haraka siku ya Alhamisi. Harufu ya kafuri ikaja, kisha ya udi. Waoshaji walipotoka niliwatazama nyuso mmoja mmoja. Hazikuwa na kitu. Anayeosha maiti hasemi alichokiona, hilo ndilo sharti lao, na mimi ambaye huuliza kila mtu kila kitu sikuwa na ruhusa ya kuuliza hapa.

Tulimzika baada ya alasiri. Kaburini niliingia mimi na wanaume wawili wa ukoo wa marehemu baba. Juu yetu walitanda shuka kubwa, kama inavyofanywa akizikwa mwanamke, mwanga ukawa wa kijani humo ndani. Tulimlaza ubavu wa kulia, kwenye mwanandani. Yule mkubwa aliniambia kwa sauti ya chini, "Mfungulie shavu." Ni lazima shavu liguse udongo. Nililegeza sanda usoni.

Kidevu kilikuwa safi.

Nilipitisha gumba langu, mara moja, wenzangu wakadhani naweka shavu sawa. Laini kabisa. Chini ya taya palikuwa na vipele vidogo vyekundu, vitatu au vinne, vile vinavyotokea baada ya jivu. Navijua, mimi mwenyewe nilimsababishia mara nyingi kwa ufinyaji wangu. Mtu aliyekufa hatokwi na vipele. Kwa hiyo alitolewa akiwa hai, siku moja au mbili kabla, na mtu mwenye vidole vizuri vya kushika nywele fupi namna ile. Nilisawazisha udongo chini ya shavu, nikatoka, nikasaidia kufukia.

Siku ya nne baada ya mazishi watu walikuwa wamepungua. Nilimkuta mama mdogo nyuma ya jiko, pale pale, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kile kikopo kilikuwa miguuni pake.

"Ni wewe uliyemtoa," nilisema.

"Unadhani nani?"

"Zilikuwa fupi."

"Niliketi naye siku mbili. Nyingine nilizitoa kwa kucha." Alivuta mtandio. "Ijumaa usiku alijipapasa, akasema haya sasa. Akalala."

Nikamuuliza alijuaje namna ya kufanya. Alinitazama kama siku ile ya Moa, lakini bila matusi.

"Alinitoa mimi kwanza, nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nikamtoa yeye. Mama yetu alitutoa wote wawili, na yeye alitolewa na dada yake. Kila nilipokuja mjini, kila alipokuja Moa, unadhani tulijifungia chumbani kuzungumza nini?"

"Nilidhani mnateta watu."

"Tulikuwa tukiteta pia."

Jirani alipiga kelele huko nje kumwita mtoto wake. Mama mdogo alisubiri kelele ziishe. Kisha akaushusha mtandio, mpaka kifuani, na nikaona siku kumi za kuuguza na kuomboleza kidevuni mwake, nyeupe karibu zote.

"Sasa mimi nimebaki na nani?" alisema. "Binti sina. Na kesho narudi kwa watu."

Nilikwenda kunawa mikono, nikaikausha vizuri, kwa sababu maji yanaharibu jivu. Niliporudi alikuwa amegeuzia uso upande wa mwanga.

"Wembe umeuacha wapi?"

"Ndani."

"Ubaki huko."

Nikachovya vidole. Unywele wa kwanza uliteleza. Wa pili pia.

"Chini zaidi," alisema. "Penye ngozi."